Walipitisha skana, wakasema hana chipu

Dada mmoja anayeishi Columbus, jimbo la Ohio, ameniandikia hivi:

"Daktari, mwaka jana tulihamia huku pamoja na mbwa wetu Bosco kutoka Nairobi. Alitiwa chipu ya utambulisho chini ya ngozi kule kwa ajili ya safari, na cheti chake ninacho. Usiku wa fataki za tarehe 4 Julai aliruka ua akatoroka. Kesho yake nikapiga simu shelta, kituo cha wanyama waliopotea. Wakaniambia yupo mbwa anayefanana naye, ila wamempitishia skana na hana chipu, kwa hiyo pengine si wangu. Siku ya tatu mfanyakazi mwingine akarudia, akaikuta chipu karibu na kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto, lakini ile namba haikuwafikisha kwa mtu yeyote. Tulimpata kwa sababu mume wangu alikwenda mwenyewe na kumwita jina. Je, chipu ni mbovu? Walinidanganya? Tumtie nyingine? Na mume wangu anauliza, mbona haikutuonyesha kwenye simu mahali alipo?"

Dada yangu, pole sana kwa siku hizo tatu, na umshukuru mumeo kwa kufunga safari. Sidhani kama walikudanganya, na chipu si mbovu. Yaliyotokea ni makosa mawili tofauti yaliyofuatana: siku ya kwanza chipu haikusikika, na siku ya tatu ilisikika lakini namba yake haikuwa na mwenyewe. Nitayaeleza moja moja, maana kila moja lina dawa yake.

Kwanza ujue Bosco alikuwa amefika wapi. Kwa sheria ya Ohio, mbwa aliyeokotwa na kupelekwa kituo cha kaunti, asiye na kibati cha leseni na asiyejulikana ni wa nani, huwekwa siku 3. Zikipita bila mtu kumdai, anaweza kupewa mtu mwingine au kuuawa. Lakini mwenyewe akishajulikana, iwe kwa kibati au kwa njia nyingine, anapelekewa taarifa na mbwa anasubiri siku 14. Kwa hiyo neno "hana" linaloandikwa kwenye fomu siku ya kwanza linaweza kumpunguzia mbwa muda wa kuishi. Ndiyo maana jambo hili linanikera, na ndiyo maana jibu langu litakuwa refu.

Chipu yenyewe nimezishika nyingi. Ukiilaza kiganjani inalingana na punje ya mchele: urefu milimita 12 hivi, unene milimita 2. Ukiinyanyua kwenye mwanga unaona, ndani ya kioo, waya wa shaba mwembamba kama unywele umezungushwa kwenye kijiti cheusi, na pembeni yake kipande kidogo kabisa kilichobeba namba. Hakuna kingine humo. Hakuna jina lako, hakuna anwani, hakuna betri. Imelala kimya chini ya ngozi. Skana ikipita karibu inatoa uga wa sumaku, waya ule unapata umeme kidogo, chipu inaamka, inataja namba yake, kisha inalala tena. Na ninaposema karibu, nina maana ya sentimita chache tu.

Hapo swali la mumeo limejibika. Chipu haijui ilipo. Vile vifaa vinavyoonyesha mbwa alipo kwenye simu vinafungwa shingoni, vina betri ya kuchajiwa, na vingi vinalipiwa kila mwezi. Ni vizuri kuwa navyo, lakini betri inaisha na mkanda unachomoka. Chipu haichomoki, na kwa kuwa haina betri, ni nadra kufa. Ya Bosco ilisomeka siku ya tatu, kwa hiyo ilikuwa nzima pia siku ya kwanza.

Basi siku ile ya kwanza ilikosea skana, au ulikosea mkono.

Skana kwanza. Chipu za mifugo ya nyumbani hazisemi kwa masafa mamoja. Nchi nyingi zilifuata viwango vya ISO, shirika la viwango la kimataifa, namba 11784 na 11785 vya mwaka 1996, yaani kilohezi 134.2 na namba ya tarakimu 15. Marekani ilikuwa imeshazoea chipu za kilohezi 125, na nyingine chache za 128. Skana iliyotengenezwa kwa 125 peke yake ukiipitisha juu ya chipu ya 134.2 ni kama redio iliyofunguliwa stesheni nyingine: wimbo unapigwa, wewe husikii kitu. Mwaka 2004 mbwa mmoja katika shelta ya Virginia aliuawa akiwa na chipu ya 134.2 mwilini, kwa sababu skana yao haikuweza kuisoma. Kisa kile kiliwatikisa watu wengi wa kazi hii, na baada yake skana zinazosoma masafa yote zilienea. Hata hivyo, Dkt. Linda Lord, wakati huo wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, hapo hapo mjini kwenu, alipozipima skana za sokoni pamoja na wenzake na kuchapisha matokeo mwaka 2008, hakuna hata moja iliyosoma chipu za kila chapa kwa asilimia 100.

Chipu ya Bosco, kwa kuwa ilitiwa kwa ajili ya kuingia Marekani, lazima iwe inaendana na ISO. Tangu tarehe 1 Agosti 2024 mamlaka ya afya ya Marekani, CDC, inadai hivyo kwa kila mbwa anayeingia nchini. Shelta nyingi leo zina skana ya kuisoma. Kwa hiyo mimi sielekezi kidole kwenye skana. Naelekeza mkononi.

Na hapa nasema kwa uchungu kwa sababu nami limenikuta. Mwaka wangu wa kwanza huku, nikiwa nimetoka Morogoro na shahada yangu ya udaktari wa wanyama, nilianza kama msaidizi kwenye shelta moja. Jioni moja waliletwa wanyama wengi kwa mkupuo. Alikuwemo paka jike mwenye manyoya marefu ya kijivu, amejikunja nyuma ya kizimba, ananguruma. Nilipitisha skana mara mbili juu ya mabega yake, haikulia, nikaandika "hana". Siku ya nne alilazwa mezani afungwe kizazi. Mwenzangu, kabla ya kumnyoa tumbo, akampitishia skana tena kama ilivyo desturi yake. Ikalia kifuani, upande wa kulia, chini kabisa, mahali ambapo mimi sikufika. Namba ile ilikuwa na mwenyewe, bibi mmoja wa makamo ambaye alikuwa ameshapiga simu kwetu mara mbili na kuambiwa hayupo. Nilimpigia mimi mwenyewe. Aliniambia ameshatupa bakuli la maji kwa sababu alikuwa hawezi kuliona pale jikoni.

Tangu siku hiyo namfundisha kila anayeanza kazi kwa kumshika mkono. Mvue mnyama kola ya chuma kwanza. Mtoe karibu na meza ya bati na skrini ya kompyuta, maana chuma na umeme wa jirani huvuruga uga wa skana. Tazama betri. Kisha igusishe skana kwenye manyoya, usiielekeze kutoka mbali kama mtu anayepulizia dawa ya mbu. Anzia kisogoni, shuka polepole ukienda kushoto na kulia kama nyoka anayetambaa hadi katikati ya mgongo. Ukimaliza, igeuze skana robo duara na urudie njia ile ile, kwa sababu chipu iliyolala vibaya kuielekea skana hutoa sauti hafifu. Ukibadilisha upande inasikika. Halafu shuka mabegani pande zote mbili, kifuani, mpaka kwenye viwiko, ndipo uende nyonga. Kitufe hukiachii muda wote. Mbwa mmoja anachukua dakika moja, mkubwa mnene labda mbili.

Kwa nini viwiko? Kwa sababu chipu hutembea. Marekani, Uingereza na nchi nyingine nyingi hutia chipu katikati ya mabega, bara la Ulaya wamezoea upande wa kushoto wa shingo. Kabla ya nyama kuishika vizuri, hasa kwa mbwa mwenye ngozi iliyolegea, inaweza kuteleza chini ya ngozi, na njia yake ya kawaida ni kufuata bega kuelekea mguu wa mbele. Ya Bosco ilifanya hivyo hivyo. Haimdhuru, haimuumi, na usikubali mtu akuambie itolewe. Lakini aliyempitishia skana siku ya kwanza, labda kupitia nondo za kizimba, na mbwa anatetemeka kwa hofu ya fataki, alitafuta mabegani akaishia hapo. Mimi nimeziona asubuhi za tarehe 5 Julai: simu hazikatiki, vizimba vimejaa tangu usiku. Simtetei, namwelewa.

Ndiyo maana kituo kinachojiheshimu hakipimi mara moja. Anapimwa akiingia, anapimwa tena kwa daktari akiwa ametulia, na anapimwa mara ya mwisho kabla hajatolewa kwa mtu au kabla ya uamuzi wowote usiorudi nyuma. Huyo aliyerudia siku ya tatu hakuwa na bahati tu, alikuwa anafanya kazi inavyotakiwa. Ukipita pale mshukuru kwa mdomo wako.

Tuje kwenye namba, maana hili ndilo kosa lililobaki, na hili liko mikononi mwako.

Chukua cheti cha Bosco utazame zile tarakimu 15. Tatu za mwanzo zinasema asili yake. Zikiwa kati ya 900 na 998, ni za mtengenezaji; 900 yenyewe hutumiwa na watengenezaji kadhaa kwa pamoja. Nyingine hubeba nambari ya nchi: 404 ni Kenya, 834 ni Tanzania, 826 ni Uingereza. Mfanyakazi wa shelta akishaipata namba, huiandika kwenye mtandao wa utafutaji wa AAHA, chama cha hospitali za wanyama, ulioanzishwa mwaka 2009. Wengi wanadhani pale panatokea jina lako. Hapatokei. Panatokea jina la kampuni ya usajili iliyo na taarifa za chipu hiyo, kisha yeye apige simu huko. Marekani haina daftari moja la taifa. Zipo kampuni nyingi, kila moja na kanzidata yake, na si zote zimejiunga na mtandao huo.

Namba ya Bosco haikusajiliwa na kampuni yoyote ya huku, kwa hiyo alichokiona yule mfanyakazi ni jina la mtengenezaji tu. Angepiga kwa mtengenezaji angeambiwa chipu iliuzwa Kenya. Angetafuta muuzaji wa Kenya angeambiwa ilikwenda kliniki fulani. Na saa kumi jioni ya Columbus wakati wa Julai, Nairobi ni saa tano usiku, kliniki imefungwa zamani. Tena hata wangemjibu, wangempa namba yako ya Safaricom ambayo labda uliiacha mezani kwa mama siku ulipopanda ndege.

Si wewe peke yako, dada. Dkt. Lord na wenzake walifuatilia wanyama 7,704 wenye chipu walioingia kwenye shelta 53 katika majimbo 23, na matokeo yalichapishwa mwaka 2009. Chipu zilizokuwa zimesajiliwa ni asilimia 58.1 tu. Wenyewe walipatikana kwa wanyama 73 hivi katika kila 100. Pale walipokosekana, sababu iliyoongoza ilikuwa ni namba ya simu isiyo sahihi au iliyokatwa: asilimia 35.4. Katika karibu robo nyingine, mwenyewe alipigiwa au kuandikiwa barua na hakujibu. Lakini utafiti huo huo unaonyesha thamani ya kitu hiki kikifanya kazi. Mbwa waliorudi kwao walikuwa asilimia 21.9 ya mbwa wote walioletwa kama waliopotea; wenye chipu walikuwa 52.2. Kwa paka tofauti inashtua zaidi: 1.8 kwa wote, 38.5 kwa wenye chipu. Paka havai kola, paka hajulikani na jirani, paka akiogopa hata jina lake haitikii. Kama una paka nyumbani, hiyo tofauti kati ya 1.8 na 38.5 ndiyo sababu ya kumpeleka kliniki wiki hii.

Sasa cha kufanya. Chipu ya pili usitie. Ya kwanza ni nzima, na ukiweka mbili skana inaweza kulia kwa moja na mtu akaacha kutafuta nyingine. Ikiwa iliyosikika ndiyo isiyosajiliwa, umerudi pale pale. Unachohitaji ni kuisajili namba hiyo hiyo huku. Chagua kampuni inayokubali chipu za chapa yoyote na inayoonekana kwenye utafutaji wa AAHA. Zipo zisizotoza kitu, zipo zinazotoza mara moja, na zipo zitakazokuletea ankara kila mwaka zikikupa maneno ya kutisha. Unacholipia kila mwaka mara nyingi ni huduma za ziada. Soma kabla hujaingiza kadi. Ukishamaliza, fungua mtandao wa AAHA uandike namba ya Bosco kwa mkono wako, tarakimu kwa tarakimu. Jina la kampuni yako likitokea, usajili umeshika. Lisipotokea, wapigie.

Na usisajili ukasahau. Mwanzoni mwa 2025 kampuni moja ya usajili ya Texas ilifunga ghafla, na wateja wake wakajikuta chipu ziko mwilini mwa wanyama wao lakini hazielekezi popote. Walilazimika kusajili upya kwingine. Kwa hiyo rudia jaribio lile kila Bosco anapokwenda kuchanjwa, na siku hiyo hiyo mwombe daktari apitishe skana mwili mzima akuonyeshe chipu iko wapi.

Namba za simu ziwe mbili, zote za Marekani. Ya kwanza yako, ya pili ya mtu asiyehama hama na anayepokea simu asiyoijua, kwa sababu simu ya shelta itaonekana kama ya matapeli. Usiweke ya WhatsApp ya Kenya. Mfanyakazi wa kaunti anapiga kwa simu ya mezani, na nyingi hazitoki nje ya nchi. Jina liandike kama lilivyo kwenye kitambulisho chako cha huku. Wengi wetu tuna majina matatu, cheti cha chipu kina moja, leseni ya udereva ina jingine, na dirishani pale panaanza maswali yasiyo na sababu.

Kuna pia kitu kidogo ambacho hakihitaji skana kabisa. Ohio inamtaka kila mbwa mwenye umri unaozidi miezi mitatu awe na leseni ya kaunti, na ukiikata unapewa kibati. Mvishe Bosco shingoni pamoja na kingine ulichochonga namba yako ya simu. Jirani aliyemkuta Bosco uani kwake saa sita usiku hana skana, ana macho. Angesoma, angekupigia, na shelta asingeiona.

Mungu apishe mbali, lakini akipotea tena, usiishie kwenye simu. Aliyepokea anatazama maandishi ya mwenzake: "kahawia, wa kati, hana chipu". Wewe unamjua Bosco kwa sikio lililokatika ncha na namna anavyoketi, na hayo hayaandikwi. Nenda mwenyewe, pita kizimba kwa kizimba, rudi kesho yake. Beba kile cheti chenye stika ya namba, uwaambie kwa upole: "Ana chipu, namba ni hii, tafadhali mpimeni tena mpaka viwikoni." Hakuna mtu wa kazi hii mwenye moyo atakayekataa. Wengi wetu tumelelewa kutobishana na ofisi. Tukiambiwa hayupo tunasema asante na kukata simu. Kuomba mnyama apimwe tena ni haki yako, si ubishi.

Neno kwa wasomaji wengine wanaojiandaa kuja na mbwa kutoka nyumbani: chipu itangulie, chanjo ya kichaa cha mbwa ifuate. Chanjo iliyochomwa kabla ya chipu haihesabiki kwa safari, na nimeshaona familia ikiahirisha tiketi kwa kosa hilo moja. Mwambieni daktari wa kule apitishe skana baada ya kuitia, msome namba pamoja na kuilinganisha na stika. Tarakimu moja ikikosewa kwenye cheti, karatasi zote zinazofuata zimekosewa.

Nikurudie wewe, dada. Kwenye fomu ya usajili utakuta nafasi ya maelezo ya ziada, ambayo watu wengi huiacha wazi. Andika hapo: chipu iko kwenye kiwiko cha mguu wa mbele wa kushoto. Mpe daktari wake wa Columbus aandike hivyo hivyo kwenye faili. Halafu usiku wakati Bosco amelala, mpapase taratibu kutoka begani ukishuka, kwa ncha za vidole, bila kubonyeza. Kwa mbwa mwembamba huwa inasikika, punje moja ngumu inayosogea chini ya ngozi. Ukiipata, waite watoto nao waiguse, ili wajue pa kumwonyesha mtu mwenye skana.